Jibu: Nyuzi 95 za mwongozo wa vifaranga ni ngapi kwa Selsiasi?

Ndugu, hiyo 95 ni Farenhaiti, maana mwongozo wako ni wa Marekani. Toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9: unapata 35 za Selsiasi, joto la wiki ya kwanza.

Wengi hukosea pale panaposema "punguza nyuzi 5 kila wiki". Hiyo ni tofauti, si kipimo, kwa hiyo 32 haitolewi. Zidisha kwa 5, gawanya kwa 9 tu: karibu 2.8. Basi wiki ya pili ni 32, ya tatu 29.5, ya nne 26.5 hivi. Ukipunguza 5 za Selsiasi, wiki ya tatu utakuwa umeshuka hadi 25, na kwa usiku wa baridi wa Kabale, kule milimani Uganda, hiyo ni hatari.

Njia ya mkato, toa 30 ugawanye kwa mbili, inatosha kwa hali ya hewa. Kwa 95 inakupa 32.5, pungufu mno kwa vifaranga.

Kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga, si ukutani. Wakirundikana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni huku wakihema, punguza joto.