Jarida letu la sanaa liende wapi? Tunajibu maswali yenu

Tuliwauliza mngependa jarida letu la sanaa za kisasa liweje kuanzia mwakani, meseji zimemiminika, asanteni sana, leo najibu chache.

Mbona habari za sanaa siku hizi ni picha za watu kwenye ufunguzi wa maonyesho tu? – Mikocheni

Hapa umegusa penyewe. Unasoma nani alikuja, mgeni rasmi kasema nini, halafu kazi yenyewe ukutani haina hata sentensi mbili. Sasa sisi kila uhakiki utaanza na kazi, mwandishi asimame mbele yake mpaka aseme imetengenezwa na nini, rangi imekaaje, na wapi imemshinda msanii, kwa heshima lakini kweli. Chukua Edward Tingatinga, kila mtu anadhani anamjua, ila angalia vibao vyake vya kuanzia 1968: kipande cha mraba cha silingibodi, rangi ya enameli ile ya kupakia baiskeli, inang'aa, mnyama mmoja kajaa kibao kizima. Usipoviona hivyo vitu utaishia kusema ni sanaa ya watalii, na utakuwa umemuonea.

Si muandike Kiingereza mpate wasomaji wengi? – Arusha

Kiingereza kina majarida yake, Nka lipo Marekani tangu 1994, Contemporary And lipo Berlin tangu 2013, na yanafanya kazi nzuri. Mchongaji wa Mwenge anayetaka kusoma uchambuzi wa kazi za wenzake kwa lugha anayoitumia kutwa nzima, yeye aende wapi? Na Kiswahili hakiishii Dar na Nairobi, Lubumbashi kule Kongo wana bienale yao, yaani maonyesho makubwa ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, tangu 2008 chini ya kituo cha sanaa cha Picha, tunataka waandishi wa kule waandike kwa Kiswahili chao hichohicho, hatutakisafisha.

Hela mtatoa wapi, wafadhili hawatawapangia? – Kampala

Wewe wa Kampala hili unalijua vizuri. Transition, alilolianzisha Rajat Neogi hapo kwenu 1961, lilikuwa jarida kali kweli, halafu 1967 ikaja kujulikana kwamba shirika lililokuwa linalisaidia lilikuwa linapokea hela za CIA, majasusi wa Marekani, na mwaka uliofuata serikali ya Obote ikamkamata Neogi. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kila anayetupa hela jina lake litachapwa ukurasa wa kwanza pamoja na kiasi alichotoa, na galari ikilipia tangazo hainunui uhakiki. Asiyetaka hivyo abaki na hela yake.

Mtachapa au ni mtandaoni tu? – Mombasa

Vyote. Kuchapa mara mbili kwa mwaka, kurasa chache karatasi nzuri, maana rangi kwenye simu kila mtu anaiona tofauti.

Mnalipa waandishi? – Mwanza

Ndiyo, hata wanaoanza. Tuma maneno 600 kuhusu kazi moja uliyoiona kwa macho yako, usitutumie taarifa ya galari uliyoibadilisha badilisha, tutaijua tu.