Neno "usalama" halifungi mjadala: kuomba nafasi ya ibada ukiwa gerezani Marekani

Ndugu yako akifungwa Marekani, jambo la kwanza la dini kushughulikia ni fomu. Ndevu na chakula vitafuata. Siku ya kupokelewa mfungwa huulizwa dini yake, na wengi, kwa uchovu au woga, hujibu "sina". Miezi ikipita anaomba jina lake liingizwe kwenye orodha ya Ramadhani, afisa anatazama kompyuta na kumwona hana dini. Kubadilisha kunawezekana kupitia ofisi ya kasisi wa gereza (huitwa hivyo hata kama ni imamu), lakini kunachukua muda, na orodha ya daku mara nyingi hufungwa wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mwambieni hili kwenye simu ya kwanza.

Kwa magereza ya majimbo na ya kaunti, hata kwa mahabusu ambaye kesi yake haijaisha, sheria ya kushika ni ile ya mwaka 2000 inayolinda, pamoja na mengine, ibada ya walio kizuizini, iitwayo kwa kifupi RLUIPA. Kwenye mikono ya serikali ya shirikisho, vikiwemo vizuizi vya uhamiaji, ni RFRA ya 1993, sheria ya kulinda uhuru wa dini. Mizani ni ile ile. Mfungwa aonyeshe kwamba imani yake ni ya kweli na kwamba kanuni inamlemea sana. Akishafanya hivyo, mzigo unahamia kwa gereza: lithibitishe kwamba kumnyima mtu huyu, kitu hiki, kunatokana na sababu nzito, na kwamba hakuna njia nyingine inayobana dini yake kidogo zaidi.

Tofauti na zamani ni kubwa. Kwa hukumu za Mahakama ya Juu za 1987 ilitosha gereza kutoa sababu yenye mantiki. Waislamu wa New Jersey waliopangiwa kazi nje ya jengo kuu wakakosa swala ya Ijumaa, na wakashindwa kwa kura 5 kwa 4. Madai yanayoegemea Katiba peke yake bado hupimwa kwa kipimo hicho chepesi. Kwa hiyo barua isiandike "haki yangu ya kikatiba" ikaishia hapo. Itaje RLUIPA au RFRA kwa jina.

Kesi ya kuijua vizuri ni Holt dhidi ya Hobbs, iliyoamuliwa Januari 2015 na majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu bila kupingana. Gregory Holt, Mwislamu aliyefungwa Arkansas, aliamini hapaswi kunyoa ndevu kabisa, lakini aliomba nusu inchi tu, kama sentimita 1.3. Gereza likasema ndani ya ndevu hizo mtu angeficha wembe, sindano, dawa za kulevya, hata laini ya simu, na kwamba angeweza kuzinyoa ghafla asitambulike. Mahakama ikauliza maswali ambayo kila mfungwa anapaswa kuyaazima. Mbona nywele za kichwani ni ndefu kuliko hizo na hamzikatazi? Mbona mwenye ugonjwa wa ngozi mnamruhusu robo inchi? Kwa nini msimpige picha akiwa na ndevu na akiwa hana? Magereza mengi ya majimbo mengine yanaruhusu. Hapa kuna nini cha pekee? Arkansas haikuwa na jibu la kuridhisha. Mahakama ikakataa pia hoja kwamba Waislamu wengine hunyoa: kinachotazamwa ni imani ya mwombaji, hata kama wenzake hawaifuati.

Ombi zuri linajengwa juu ya maswali hayo. Liwe dogo na lenye vipimo. "Naomba kufuata dini yangu" hukataliwa kwa mstari mmoja. Andika hivi, kisha litafsiriwe kwa Kiingereza: "Naomba daku niletewe kabla ya alfajiri na futari baada ya magharibi, kwa siku zote za Ramadhani. Sasa chakula huletwa mchana, nami nalazimika kuchagua kati ya kufunga na kula. Mfungwa wa kisukari hupelekewa chakula nje ya saa za kawaida. Utaratibu huo unaweza kutumika kwangu." Mfano huo wa kisukari uandikwe tu ikiwa ni kweli hapo alipo. Msala, kofia, rozari au tasbihi, vivyo hivyo: taja ukubwa, idadi, na kwamba uko tayari vikaguliwe.

Wengi huangukia kwenye tarehe. Sheria ya 1996 inamtaka mfungwa amalize ngazi zote za malalamiko ndani ya gereza kabla ya kwenda mahakamani, na akichelewa ngazi moja mlango unaweza kufungwa. Gereza la shirikisho lina fomu BP-8 ya kujaribu kusuluhisha, kisha BP-9 kwa mkuu wa gereza ndani ya siku 20 tangu tukio, BP-10 kwa mkurugenzi wa kanda ndani ya siku 20 tangu jibu, na BP-11 makao makuu ndani ya siku 30. Siku alizopoteza akibembelezana na afisa kwa maneno hazimwongezei muda. Majimbo yana hesabu zao, mengine fupi zaidi. Kanuni zimo kwenye kitabu cha wafungwa. Kila karatasi iwe na nakala, na nakala moja ikae nyumbani kwenu.

Gereza nalo hushinda. Mahakama ya Juu hiyo hiyo, mwaka 2005, ilipoitetea RLUIPA, ilisema usalama ni sababu nzito na uzoefu wa maafisa usipuuzwe. Alabama iliruhusiwa kuendelea kukataza nywele ndefu kwa wafungwa Wenyeji wa Amerika hata baada ya hukumu ya Holt. Anayetumia ruhusa vibaya anaweza kunyang'anywa. Na ukweli wa imani hupimwa kwa vitu vidogo: rekodi za duka la gereza. Anayedai chakula halali huku akinunua soseji za nguruwe kwa pesa mlizomtumia ameliandikia gereza utetezi wake. Kuteleza mara moja hakuui dai, mazoea yanaweza.

Kama mnataka kumpelekea Biblia au Kurani ya Kiswahili, msiitie kwenye bahasha. Magereza mengi hupokea vitabu kutoka kwa mchapishaji au muuzaji tu, na jalada gumu hurudishwa. Agizeni dukani chenye jalada laini, au mkitoe kupitia kwa kasisi.

Msitarajie fidia kutoka kwa jimbo. Tangu hukumu ya 2011 RLUIPA haifungui mlango huo. Kinachopatikana ni amri ya kubadilisha utaratibu, na mfungwa akihamishiwa gereza jingine amri hiyo mara nyingi haina tena kazi. Huko aendako aombe upya, wiki ile ile ya kufika, akiambatanisha ruhusa aliyokuwa nayo.