Ndege inatua Frankfurt, dada yuko Rotterdam: viza niombe wapi?

SWALI: Ndugu mshauri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Likizo ya Juni nataka kumtembelea dada yangu Rotterdam kwa siku 12, halafu siku 5 kwa rafiki yangu Berlin. Ndege ya bei nafuu niliyoipata inatua Frankfurt, na rafiki anasema niombe viza ya Ujerumani kwa kuwa ndiko nitakakoingilia. Tena akaunti yangu ina shilingi milioni 1.8 tu. Kaka anataka kuniwekea milioni 10 zionekane, kisha nimrudishie. Nikubali?

JIBU: Salama, Mwalimu. Omba Uholanzi, ilipo Rotterdam, na pesa za kaka usizipokee.

Viza utakayoomba ni ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja. Inatumika katika nchi zote 29 za eneo hilo, lakini ombi linapokelewa na nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Wewe una siku 12 Rotterdam dhidi ya 5 Berlin, kwa hiyo hakuna ubishi. Nchi ya kuingilia huangaliwa pale tu siku zinapolingana. Kutua Frankfurt ukiwa na viza ya Uholanzi hakuna kosa lolote, ila afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza unakwenda wapi na utalala kwa nani. Nakala za barua zako ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililopakiwa chini.

Sasa hizo milioni 10. Afisa wa viza hasomi salio peke yake. Anapitia stetimenti ya miezi kadhaa: mshahara unaingia tarehe ngapi, unatoka vipi, kinabaki nini. Akaunti ya mwalimu inayoingiza kiasi kilekile kila mwezi, kisha wiki moja kabla ya maombi ikapokea milioni 10, inazua swali ambalo huna jibu lake kwenye karatasi. Nimeona watu wenye safari za kweli kabisa wakinyimwa viza kwa sababu ya pesa za kuazima, na inaniuma, maana hawakuzihitaji. Ukikataliwa, ada ya euro 90 hairudi, na kumbukumbu ya kukataliwa inasomwa na balozi zote za Schengen.

Njia yako halali ni dada. Uholanzi ina fomu rasmi ya udhamini na malazi ambayo mwenyeji anaijaza, kisha sahihi yake inathibitishwa kwenye ofisi ya manispaa anakoishi. Akitaka kukugharamia, aonyeshe kipato kisichopungua kima cha chini cha mshahara cha huko, na mkataba wa kazi wenye angalau miezi 12 mbele. Stetimenti yako iache ilivyo. Ambatisha barua ya mwajiri inayotaja cheo chako, ruhusa ya likizo na tarehe ya kurudi darasani. Barua hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hofu kubwa ya afisa ni kwamba hutarudi. Weka pia cheti chochote kinachoonyesha undugu wako na dada, na barua fupi ya mwaliko ya rafiki wa Berlin.

Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, ihusu eneo lote la Schengen na siku zote za safari. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na ibaki hai miezi mitatu baada ya kutoka huko. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45, kwa hiyo kwa safari ya Juni mimi ningepeleka mwezi wa Machi. Tiketi usiilipie kwanza. Uhifadhi wa nafasi unatosha.

Ukipata viza, isome palepale kabla hujaondoka na pasipoti yako. Ina tarehe ya kuanza na ya mwisho, na pembeni idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Tarehe mara nyingi huongezwa siku 15 za akiba iwapo safari itasogea, lakini siku za kukaa haziongezeki. Viza inaweza kuonyesha kuwa hai hadi Julai huku umepewa siku 18 tu. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, hata ukitua saa tano usiku.