Maswali ya Karakana: Herufi za Kuinuka kwenye Bamba la Akriliki

SWALI: Nachonga vibao vya majina kwa rauta ya CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Herufi za kuzama zinatoka safi. Sasa mteja anataka herufi za kuinuka kwenye bamba la Corian la milimita 12. Nikijaribu, miguu myembamba ya herufi inavunjika, na ndani ya K na M pembe zinatoka za mviringo. Nakosea wapi?

JIBU: Tatizo liko kwenye biti, yaani kile kisu kinachozunguka. Unaonekana unatumia biti bapa peke yake, nayo huacha ukuta uliosimama wima. Bamba hili ni takriban theluthi moja akriliki na theluthi mbili unga wa madini ya alumini, kwa hiyo ni gumu lakini halipindi. Mguu wa herufi wenye upana wa milimita 2 ukisimama wima juu ya uwanja (eneo lililochimbwa kuzunguka herufi), kupigwa kidogo tu na biti kunatosha kuukata. Na biti ya mviringo haiwezi kuacha pembe kali ya ndani. Daima utabaki mviringo wa nusu ya kipenyo chake.

Malizia kingo kwa biti ya V, yenye ncha iliyochongoka kwa pembe ya nyuzi 60. Ukichimba kina cha milimita 3, kila upande wa herufi unateremka kwa mshazari na kupanuka milimita 1.7 chini. Ule mguu wa milimita 2 sasa umekaa juu ya kitako cha milimita 5.4, na hapo unashika. Kwenye pembe, programu inaipandisha biti taratibu hadi ncha yake pekee ndiyo inayogusa, ndipo K inapata pembe kali juu.

Mshazari huo una gharama yake: nafasi kati ya herufi mbili ikiwa chini ya milimita 3.5, biti haitafika chini kabisa, na utaona bonde la V badala ya uwanja tambarare. Tawanya herufi, au punguza kina hadi milimita 2, ambapo nafasi ya milimita 2.3 inatosha. Chagua pia herufi zisizo na vikia, vile vijistari vya mapambo kwenye ncha za herufi. Kwenye maandishi madogo vikia ndivyo vinavyoondoka kwanza.

Anza kwa kuchimba uwanja kwa biti bapa ya kabaidi ya milimita 6 yenye makali mawili: mizunguko 18,000 kwa dakika, mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika, kina cha milimita 1.5 kila safari. Usipunguze mwendo kwa kuogopa kuvunja. Biti inayokwenda polepole inasugua badala ya kukata, akriliki inapata joto, na vumbi linarudi kuganda ukutani. Ukipata chembe zinazong'ata kidole badala ya unga mlaini, mwendo ni sahihi. Vuta vumbi muda wote wa kazi, na vaa barakoa.

SWALI: Upande mmoja wa kibao herufi zinatoka nene, upande mwingine nyembamba, ingawa mchoro ni uleule.

JIBU: Bamba halijalala sawa. Kwa biti ya nyuzi 60, sehemu iliyoinuka nusu milimita inabadilisha ukingo wa herufi kwa karibu milimita 0.3 kila upande, yaani 0.6 kwa mguu mzima. Jicho linaliona hilo mara moja. Libane bamba kwa tepu ya gundi pande mbili iliyotandazwa chini nzima, si kwenye kona tu, kisha parua uso wote milimita 0.3 hadi 0.5 kabla ya kuchonga chochote. Ukibadilisha biti, pima sifuri ya urefu upya kwenye sehemu ileile ya uso uliokwisha kuparuliwa. Ukipimia kwenye meza, kosa la unene wa bamba linaingia lote kwenye herufi.

SWALI: Nitapakaje rangi uwanja bila kuchafua herufi?

JIBU: Acha zichafuke. Piga uso msasa namba 320 kabla ya kuchonga, ili mikwaruzo mikubwa isije ikanywa rangi. Baada ya kuchonga, futa kwa spiriti, puliza rangi nyembamba mara mbili au tatu juu ya kila kitu, na uiache saa 24. Kisha funga msasa 240 kwenye kipande cha mbao kilichonyooka na usugue juu hadi herufi zijitokeze, umalizie na 320. Msasa wa mkononi bila mbao unazama kati ya herufi na kula rangi ya kingo. Ukisugua rangi ikiwa bado mbichi, inanata kwenye msasa na kunyanyuka vipande vipande. Thina usiiguse kabisa: inayeyusha rangi na kuipeleka juu ya herufi nyeupe.

Kazi inayodumu zaidi ni ya rangi mbili bila kupaka. Gundisha bamba la milimita 6 juu ya jingine la rangi tofauti kwa gundi ya akriliki ya sehemu mbili, bana sawasawa, subiri ikauke kabisa, parua la juu libaki milimita 3, kisha chonga milimita 3.3. Ile 0.3 ya ziada inaondoa mstari wa gundi kwenye uwanja. Povu la hewa likibaki ndani ya gundi, litaonekana kama kishimo kwenye kitako cha herufi, kwa hiyo paka gundi kwa wingi hadi itoke kingo zote.

SWALI: Kibao cha mita moja kimepasuka kwenye tundu la skrubu, nje, juani.

JIBU: Joto likipanda nyuzi 30, bamba la urefu huo hurefuka takriban milimita 1. Kwa skrubu ya milimita 5 toboa tundu la 8, lainisha ukingo wake kwa msasa, weka washa ya mpira, na usikaze hadi mwisho.