Mtoto Hana Huruma? Tuanze na Mama

Kwenye kikoba chetu hapa Uyole, Mbeya, tukishamaliza kuhesabu hisa, mazungumzo huishia kwa watoto wa darasa la tano hadi kidato cha kwanza. Wadogo hawana neno, bado wanabembelezeka. Hawa wa miaka 10 hadi 14 ndio wanaotutoa jasho: juzi tu alikuwa anakukimbilia kupokea kapu, leo ukimtuma kwa bibi jirani ananuna. Kila mama anauliza lilelile: nimfanyeje awe na utu?

Mimi wangu wawili wameshapita umri huo na wa tatu ndiyo yumo. Ushauri wangu huwashangaza wenzangu, maana namwacha mtoto kwanza namgeukia mama: wewe mwenyewe unaamini unamweza?

Mtu ataniambia samaki mkunje angali mbichi. Sawa, ila mkunjaji naye mkono ukiwa unatetemeka? Mama anayeona mtoto kamshinda huishia kwenye bakora na matusi, au ananyamaza na kumwachia dunia imfunze. Kote huko ukaribu unapotea. Anayejiamini akijibiwa kwa mkato haoni kwamba amedharauliwa. Anaona mtoto kachoka, anamwachia muda, kisha jioni wanacheka pamoja jikoni. Mtoto aliyezoea kusikilizwa hivyo huwa mwepesi kumwona mwenzake.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba jambo fulani analimudu, akataja inakotoka: kulifanya mwenyewe ukafanikiwa, kumwona mtu wa hali yako akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia zako. Mimi hapo nakiona kikoba kabisa. Mama akimsikia mwenzake, muuza viazi kama yeye, akieleza alivyoongea na binti yake habari za hedhi bila ugomvi, anarudi nyumbani na ujasiri ambao semina haimpi. Na hilo la mwili tusilipuuze. Umetoka sokoni Mwanjelwa saa moja usiku, umenyeshewa, miguu imevimba: usianzishe kesi. Kula kwanza, kesi isikilizwe kesho.

Upole huo si kudekeza. Jirani yangu, binti yake wa darasa la sita alirudi anacheka jinsi walivyomtania mwenzao aliyekuja shule bila sweta. Baridi ya Julai hapa Uyole mnaijua. Nilikuwepo. Mama hakupandisha sauti, aliendelea kumenya viazi.

"Alikuwa anatetemeka?"

"Eeh."

"Mikono aliiweka wapi?"

Binti akafikiri. "Kwapani."

"Na nyie mlipocheka, akafanyaje?"

Kicheko kikaishia hapo. Kesho yake asubuhi binti mwenyewe ndiye aliyeulizia lile sweta la mwaka jana linalombana.

Tangu miaka ya 1960 mtafiti Martin Hoffman alieleza uzito wa malezi ya namna hii, ya kumwonyesha mtoto alichomsababishia mwenzake badala ya kumtisha tu. Lakini maswali yale yalitaka mama aliyetulia. Mwenye hofu ya kuonekana kashindwa kulea, tena mbele ya jirani, angesema "una roho mbaya kama baba yako," na sweta lingebaki kabatini.

Sisemi mtoto mkorofi ni kosa la mama. Mizigo tuliyonayo inatosha. Kuna watoto waliozaliwa na ukali wao, kuna marafiki, kuna simu. Halafu jambo lenyewe linakwenda pande zote mbili: mtoto akiwa mwema, mama naye anajiona anaweza. Kwa hiyo wenye watoto wapole tusitembee vifua mbele.

Kama unajiona umeshindwa, chagua jambo moja dogo unalolimudu. Mtafutie mtoto mtu ambaye yeye atamsaidia, akifanya mwambie ulichokiona, ukitaje chenyewe: "Nimekuona ulivyombebea bibi ndoo." Siku nyingine atanuna tena, mtume vilevile.

Na akina baba mnaosoma hapa: mama akishampa mtoto uamuzi, usiupangue mbele yake. Kama una neno, subiri mtoto alale ndipo mlizungumze.