Kijana mchumi, usikimbilie televisheni

Kila vyuo vinapofunga, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana waliomaliza shahada ya uchumi. Wengine wametoka Chuo cha Uhasibu pale Njiro, wengine Ushirika Moshi, wengine Mlimani na wamerudi nyumbani kusubiri ajira. Swali lao ni moja: "Kaka, nataka kazi kwenye taasisi ya utafiti wa sera, niwe naishauri serikali. Nianzie wapi?" Halafu humtaja mchumi fulani waliyemwona akichambua mambo kwenye televisheni usiku wa bajeti, na ndiye wanayetaka kufanana naye.

Nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya muongo, Dar kwanza, kisha hapa Arusha, upande wa biashara na ushuru wa forodha. Nitawajibu wote kwa mkupuo.

Mchumi wa taasisi ya utafiti hana mamlaka yoyote. Hana kura bungeni, hana saini inayopitisha malipo, hana fungu la kugawa. Alicho nacho ni kuaminiwa na watu wachache ambao kazi yao ni kuandika rasimu. Ndiyo maana wenye ushawishi mkubwa wanajulikana zaidi kwenye korido za wizara kuliko kwenye skrini. Na yule wa usiku wa bajeti, kwa heshima zote, anazungumzia maiti iliyokwisha kuoshwa. Hotuba ikishasomwa Juni, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, hakuna kifungu kipya kitakachoingia kwa sababu ya maneno mazuri studioni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kalenda. Maoni ya kodi hupokelewa na Wizara ya Fedha miezi mingi kabla ya hotuba, yakachambuliwa, yakapimwa kwa hesabu za mapato, na Bunge la Bajeti linapoanza Aprili kule Dodoma, mengi yameshapata kibali au yameshatupwa. Nikiona taasisi inazindua ripoti ya kodi mwezi Mei, hotelini, na mabango na mikoba ya kugawa, huwa najua fedha za mradi zilikuwa zinakaribia kuisha muda. Si vibaya, ila isiitwe ushawishi.

Upande wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kalenda inabana zaidi, na hapa sisi wa Arusha tuna bahati ya kuishi jirani na jiko lenyewe. Ushuru wa pamoja wa forodha ulikuwa na viwango vitatu: asilimia 0, 10 na 25. Julai 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35. Lakini kila mwaka nchi moja moja huomba ruhusa ya kutumia kiwango chake kwa bidhaa fulani, juu au chini ya kile cha pamoja. Maombi hayo hupita kwa wataalamu kabla mawaziri wa fedha hawajakutana, na yanakuja kama majedwali marefu ya misimbo ya tarakimu nane, yaani namba zinazotambulisha kila bidhaa. Ukienda na hoja kwamba "tulinde viwanda vya ndani", utasikilizwa kwa adabu na kupewa chai. Ukienda na msimbo, kiwango cha sasa, kiwango unachopendekeza na kiasi cha mapato kitakachopotea au kuongezeka, utaulizwa swali. Hapo umeingia.

Anayeisoma karatasi yako si waziri. Ni mchumi wa daraja la kati, pengine dada mwenye mafaili hadi sakafuni, anayetakiwa kumpelekea bosi wake maelezo kabla ya saa kumi jioni. Muandikie yeye. Kurasa mbili, zisizidi. Aya ya kwanza iseme ni kifungu gani cha sheria gani kibadilike na kisomekeje. Ya pili, hazina itapata au kukosa nini. Ya tatu, nani atapiga kelele na kwa nini. Historia ya tatizo, nadharia, na shukrani kwa wafadhili zikae kwenye ripoti kubwa, kwa atakayeihitaji. Andika sentensi ambazo anaweza kuzinakili zilivyo. Akizinakili, usitegemee jina lako kutajwa. Nimewahi kusikiliza hotuba na kutambua aya nzima iliyotoka mezani kwangu, na mke wangu akaniuliza mbona nimenyamaza ghafla. Asiyeweza kuvumilia hilo atafute kazi nyingine; redio zina nafasi.

Sasa niwape somo ambalo nashangaa halifundishwi kwa kirefu vyuoni kwetu. Mwaka 1994 uhusiano wa serikali yetu na wafadhili ulikuwa umechacha. Wafadhili walilalamikia misamaha ya kodi na ukusanyaji mbovu wa mapato, serikali nayo ikiona inaendeshwa kama mtoto. Denmark ikagharamia jopo huru la wachumi watano. Mwenyekiti alikuwa Gerald Helleiner, Mkanada aliyewahi kuongoza Ofisi ya Utafiti wa Uchumi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960. Wenzake walikuwa Tony Killick, Knud Erik Svendsen, na Watanzania wawili: Benno Ndulu na Ibrahim Lipumba.

Ripoti yao ilitoka 1995 na haikumbembeleza mtu. Serikali iliambiwa wazi kuhusu rushwa na kuporomoka kwa ukusanyaji wa kodi. Wafadhili, wakiwamo waliolipia kazi hiyo, waliambiwa wanaingilia mno, wana miradi mingi isiyojulikana kwenye bajeti, na wanaifanya nchi ishindwe kumiliki mipango yake. Zingatieni hapo kwa aliyelipa. Vijana huniuliza kama fedha za wafadhili huua uhuru wa mtafiti. Zinaweza, na nimeona zikifanya hivyo, hasa pale mtafiti anapokuwa na mkataba wa miezi sita na ada ya shule ya watoto. Lakini hapa aliyelipa aliambiwa ukweli wake mchana kweupe, na ripoti ikapata uzito kwa sababu hiyo hiyo. Serikali mpya ya Rais Mkapa iliichukua, pande mbili zikakubaliana hatua za kutekeleza mwaka 1997, Helleiner akawa anarudi kupima maendeleo, na mwaka 2002 kazi ya kupima ikakabidhiwa kikundi huru chini ya Profesa Samuel Wangwe, wakati huo wa ESRF, taasisi ya utafiti wa uchumi na jamii ya Dar es Salaam.

Ninachokipenda zaidi ni kuangalia njia walizofuata hao Watanzania watatu, Ndulu, Lipumba na Wangwe, maana ndizo njia zilizo mbele yenu pia.

Ndulu aliongoza AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wenye makao Nairobi ulioanzishwa 1988. Akapita Benki ya Dunia, akarudi kuwa Naibu Gavana wa Benki Kuu, kisha Gavana kuanzia 2008 hadi 2018. Alifariki Februari 2021. Hiyo ni njia ya utafiti kama ngazi: unajenga jina kwa hoja, siku moja unakabidhiwa ofisi yenye saini. Wanaofika ni wachache, na ukishafika, huwezi tena kusema kila unachofikiri, kwa sababu neno moja la gavana linayumbisha shilingi.

Lipumba, ambaye alikuwa ameshamshauri Rais Mwinyi kuhusu uchumi, aligombea urais kwa tiketi ya CUF mwaka huo huo wa 1995, na akagombea tena 2000, 2005, 2010 na 2020. Sina ugomvi na uamuzi huo, na nchi inahitaji wagombea wanaojua hesabu. Naona tu kwamba tangu hapo hoja zake za uchumi, hata zile nzito, watu wengi walizipima kwa rangi ya bendera kabla ya kuzisoma.

Wangwe alibaki kwenye taasisi. ESRF ilipoanza kazi 1994 ndiye aliyekuwa akiiongoza, na baadaye akaongoza REPOA, taasisi nyingine ya utafiti. Jina lake halijulikani kijiweni. Jaribu kulitaja mbele ya wachumi wa serikali wenye umri wangu uone wangapi walipita mikononi mwake. Kama mtaniuliza, mimi ningechagua njia hiyo, ingawa ndiyo yenye mshahara wa kawaida na makofi machache.

Msidhani lakini kwamba hesabu nzuri hushinda. Machi 2016, hapa hapa Arusha, wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuelekea kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya nguo vifufuke. Kitaalamu hoja ilikuwa na mantiki yake. Nilipita Soko la Memorial kule Moshi na Kilombero ya hapa mjini kuuliza bei za marobota na mitaji ya wauzaji, nikiamini upinzani utatoka kwa akina mama wale. Ulitoka kwingine. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao mwaka 2017, na nafasi ya AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ikawekwa mezani. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ndiyo iliyoshikilia: ilikuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ya AGOA. Tangu hapo, aya yangu ile ya tatu, ya nani atapiga kelele, huwa na wa ndani na wa nje.

Kuhusu takwimu, jifunzeni sheria kabla ya kuchapisha kitu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yalitishia kifungo kwa anayechapisha namba za kupingana na zile rasmi. Mwaka 2019 sehemu hiyo ya jinai ikaondolewa. Bado, ukikusanya takwimu zako mwenyewe, ongea na Ofisi ya Taifa ya Takwimu mapema, na kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kiwe mkononi kabla dodoso halijaingia kijijini.

Ukianza kuaminika, simu zitaanza: msaidizi wa mbunge anataka namba za hotuba, katibu wa chama anataka "maoni mafupi tu". Mpe kila mmoja karatasi ileile, wa chama tawala na wa upinzani, na mwambie kila mmoja kwamba mwenzake anayo. Watakaokasirika watakasirika mara moja, halafu watazoea.

Na anayesubiri ajira asikae bure. Wewe wa Moshi chukua ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri, ule uliopunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Nenda kwenye chama cha msingi cha kahawa kilicho karibu na kwenu, uliza mkulima anakatwa nini na nini kuanzia kahawa kavu yenye ganda (parchment) hadi mnadani, kisha omba halmashauri ikuonyeshe ilikusanya kiasi gani. Wa Arusha afanye hivyo kwa mbogamboga au maharage. Andika kurasa mbili kwa mpangilio niliotoa, unitumie kabla ya Oktoba. Nitazisoma na kuzirudisha na kalamu nyekundu. Ukurasa wa tatu sitaufungua.