Muulize Fundi: Mtoto haongei, ninunue tableti ya milioni?

Shikamoo fundi. Nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Nina mapacha wa miaka 6. Doto anaongea kutwa nzima, ila Kulwa ana usonji na hajatamka neno hata moja. Akitaka kitu ananivuta mkono, nisipoelewa anajigonga kichwa ukutani. Kuna kijana mjini anataka kuniuzia tableti yenye programu ya kumsemea, milioni moja na laki mbili. Mama mkwe anasema nikimzoesha mashine hatakuja kuongea. Nimekusanya laki nne. Nifanyeje? – Mama Mapacha, Kirumba

Marahaba, Mama Mapacha. Hiyo laki nne iache ilipo kwanza.

Nakujibu kama fundi simu, na kama baba pia. Binti yangu ana miaka 11, haongei kwa mdomo, na ule mlio wa kichwa kikigonga ukuta naujua. Nami nilianza kwa kutamani vya ghali. Proloquo2Go, programu ya kampuni ya Uholanzi iliyotoka 2009, ilikuwa inauzwa karibu dola 250, inataka vifaa vya Apple, na Kiswahili haina. Nikaachana nayo, nikachapisha picha za ARASAAC, mradi wa serikali ya jimbo la Aragón huko Hispania. Wana maelfu ya picha za mawasiliano, unazichukua bure mradi usiziuze.

Picha ya mkate binti yangu aliitupa. Ya kikombe hakuitazama. Siku ya tatu nikapiga picha kikombe chake mwenyewe, cha plastiki ya kijani, kilichoungua ukingoni, nikaibandika ubaoni. Akaipiga kiganja gundi haijakauka.

Kwa hiyo anza na vya kwenu: sahani ya ugali, ndoo ya maji, choo, kanga yako, Doto mwenyewe. Piga kwa simu yoyote, peleka steshenari wakuchapie karatasi moja na kuifunika nailoni isilowe. Picha 9 zinatosha kuanzia. Itoboe, ifunge kamba, ishinde naye popote alipo, hata mwaloni.

Kosa langu kubwa lilikuwa ubao wa kwanza kujaa vitu vya kuomba tu. Hapakuwa na SITAKI, BASI, wala INAUMA. Nilimpa mtoto njia ya kuomba maji, nikamnyima ya kukataa. Nilipoziongeza, wiki kadhaa zikapita bila dalili yoyote. Jioni moja mama yake anamsuka, mtoto akanyoosha mkono hadi ubaoni, akagusa BASI. Mama yake alibaki na kichana hewani. Nywele zilikuwa zimesukwa nusu, na nusu ile hatukuigusa mpaka kesho yake, maana alishasema. Ukimpa Kulwa neno la kukataa, liheshimu kila inapowezekana.

Kuhusu mama mkwe, mwambie kwa upole kwamba hofu yake wengi wanayo, na imechunguzwa. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walipitia tafiti za watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia nyingine za kuwasiliana. Kati ya 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, na walio wengi uliongezeka. Si ahadi kwamba Kulwa ataongea. Ila picha hazimzibi mdomo.

Akishauzoea ubao, ndipo tuje kwenye simu. Simu ya tachi iliyotumika, spika nzima, inafanya kazi hiyo. Zipo programu za bure, na nyingine zinakubali urekodi sauti yako kwenye kila picha. Hapo kwenye kurekodi ndipo penye siri. Nyingi zilitengenezwa na wenye lugha ambazo “mimi” na “taka” ni maneno mawili. Mtoto akigusa picha hizo, simu inatamka “mimi taka maji”, nasi hatusemi hivyo. Sisi neno moja linabeba kila kitu: nataka, sitaki, nipe, nimechoka. Rekodi neno zima kwenye picha moja. Simu yenyewe ibane ibaki kwenye programu hiyo moja, la sivyo itageuka ya katuni, na bando halitakuwa na kazi nyingine.

Sasa kazi ngumu. Usimkabidhi ubao ukakaa kumsubiri. Unaposema “twende”, gusa TWENDE wewe mwenyewe. Unapompakulia, gusa UGALI. Kutwa, miezi. Na usimshike mkono kuupeleka kwenye picha, maana hapo utakuwa unasema wewe, si yeye.

Mpeleke pia akapimwe masikio, hospitali ya Bugando wana idara yake. Na anapojigonga, watazame jino na sikio kabla hamjasema ni ukaidi. INAUMA iweke pembeni kabisa ya ubao, aifikie haraka.

Sauti ya kurekodi isiwe yako wala ya baba yake. Mkalishe Doto, funga mlango, kelele za mwaloni zisiingie, arekodi maneno yote 9. Kulwa ana miaka 6, aseme kwa sauti ya mtoto wa miaka 6.